Fonti ya mwandiko kutoka mabango ya fundi wa Majengo Moshi: nimeiba au nimejifunza?

kalamu_moshi:

Habari za jioni wakuu, naombeni ushauri wa kweli maana hili jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa. Mimi ni dizaina hapa Moshi, nina steshenari ndogo karibu na stendi, natengeneza kadi za harusi, kadi za mchango, stika za hiace, mabango ya saluni, mambo hayo. Tangu mwaka jana nachora fonti yangu ya kwanza, yaani seti ya herufi za kuandikia kwenye kompyuta, fonti ya mwandiko wa kuunganisha, zile ambazo herufi inashika mwenzake kama mtu kaandika kwa brashi bila kunyanyua mkono.

Sikuitoa kichwani. Kuna mzee mmoja wa Majengo ndiye kaandika maduka mengi ya zamani ya mitaa ile, bucha, magenge, mashine za kusaga, mpaka milango ya malori, na mwandiko wake ukiuona mara moja huusahau, umelala kidogo kulia, mnene brashi inaposhuka na mwembamba inapopanda, na k yake ina mguu unaojirusha mbele kama mtu anaruka mfereji. Nilizunguka na simu nikapiga picha mabango hamsini na kitu, mengine rangi imebanduka nusu, nikaziingiza kwenye laptopu nikawa nachora juu yake herufi moja moja usiku baada ya kufunga ofisi.

Sasa juzi nikaiweka kwenye grupu letu la madizaina, jamaa mmoja akaniambia wazi mbele ya watu, hii ni Brush Script, ile fonti ya zamani ya mwandiko wa brashi, umeivisha kanzu. Nikakasirika, lakini nilipofika nyumbani nikaweka moja juu ya nyingine na kweli e, r, s, t, l, zinakaribiana mno, mteremko ni ule ule. Ila a, k, w na z haziendani kabisa, ni vitu viwili tofauti. Nimebaki sielewi.

Na niseme yote. Mabango ya mzee hayana q wala x, Kiswahili hakizitumii na yeye kaandika Kiswahili maisha yake yote, kwa hiyo hizo mbili nilifungua hiyo hiyo Brush Script nikazifuatisha, nikaongeza unene tu. Pia mzee mwenyewe sijawahi kumuomba ruhusa. Nilitaka kuiuza elfu thelathini. Je, nimeiba? Na kama nimeiba, nimemwibia nani, mzee au hao wa Brush Script?

dizaina_sakina:

Kiongozi pole, mimi nipo Arusha na nimefanya kazi hii miaka kumi na moja, nakwambia usijitese. Fonti za mwandiko zote zimezaliwa kwa kuiga, hakuna hata moja iliyoanguka kutoka mbinguni. Mchonga herufi Robert Granjon alichonga moja ya za mwanzo kabisa kule Lyon mwaka 1557 na alichofanya ni kuchukua mwandiko ambao Wafaransa wa wakati wake walikuwa wanaandikia barua, akaufanya vipande vya chuma. Wale walimu wa mwandiko wa Uingereza wa miaka ya 1700 ndio kabisa, kazi yao ilikuwa kuchapisha vitabu ili watu waige, mwanafunzi akiweza kuandika sawasawa na mwalimu anasifiwa. Mmoja wao Charles Snell, miaka zaidi ya mia mbili baadaye mchora fonti Matthew Carter akaja akauchukua mwandiko wake akatengeneza Snell Roundhand, na jina la mwenyewe akaliweka palepale juu, hakuna aliyemwita mwizi.

Chukua hata Coca-Cola hiyo tunayoiona kila kioski. Yule Frank Robinson aliyeiandika mwaka 1886 alikuwa mtunza mahesabu, akaandika kwa mwandiko wa Spencer ambao ndio ulikuwa unafundishwa Marekani nzima wakati ule, kila karani alikuwa nao mkononi. Mwandiko ulikuwa wa wote, neno alivyolichora ndiyo likawa mali.

Kwa hiyo mwandiko ni kama lugha, huwezi kuniambia nimeiba Kiswahili. Uza fonti yako.

chalii_ngarenaro:

Mkuu wa Sakina nakuheshimu ila hapa nakupinga na nitakwambia kwa nini maana yamenikuta.

Miaka mitatu nyuma nilichora fonti ya mwandiko, nikaitumia kwa wateja wangu tu. Siku moja nipo mjini nakuta bango la duka la mtu nisiyemjua limeandikwa kwa herufi zangu. Nikauliza, nikaambiwa kuna sehemu wanauza fonti kwenye flashi, mamia kwa bei ya soda mbili. Nikanunua. Fonti yangu ilikuwemo na jina lingine. Nikaifungua kwenye programu nikaangalia mkia wa y. Mimi wakati nachora y ile niliacha pointi moja ya ziada, zile nukta zinazoongoza mstari wa herufi, kwenye kona ya mkia, haina kazi yoyote, niliisahau tu, na ukikuza sana unaona kama kakibonge kadogo pale mstari unapokunja. Kale kabonge kalikuwepo. Walichofanya ni kuilaza kidogo zaidi na kubadilisha jina. Aisee nilikaa kwenye kiti nikaangalia ile y kama dakika kumi.

Sasa huyo hakuiga mwandiko wangu, alibeba mikono yangu. Mtu akiuangalia mwandiko wangu akajifunza akachora wa kwake nitafurahi, hata akinipita. Lakini anayechukua pointi hajajifunza kitu, hata kosa langu hakuliona. Hili siyo la kwetu tu, mzee Hermann Zapf ambaye mkono wake ndio ulizaa Zapfino ya 1998, alijitoa kwenye chama cha kimataifa cha wachora herufi, ATypI, mwaka 1993 kwa sababu aliona wanachama wakubwa wenyewe wananakili kazi za wenzao bila ruhusa na chama kinaangalia. Alikuwa na miaka sabini na kitu, jina kubwa kuliko wote, na bado ilimuuma.

Kwa hiyo swali langu kwa kalamu_moshi: mzee wa Majengo yupo hai? Kama yupo, wewe unatuuliza sisi huku mtandaoni kitu ambacho ungemuuliza yeye kwa kupanda bodaboda.

mwanafunzi_sheria_ar:

Naongezea upande wa sheria maana watu wanachanganya vitu viwili, umbo la herufi na faili la fonti.

Marekani umbo la herufi halina hakimiliki, mahakama ya rufaa ilishasema mwaka 1978 kwenye kesi ya Eltra na Ringer. Lakini faili linalindwa kama programu ya kompyuta. Mwaka 1998 Adobe waliishinda kampuni inaitwa Southern Software ambayo ilichukua pointi za fonti zao ikazibadilisha kidogo, na hoja ya mahakama ilikuwa kwamba mchoraji anapoamua pointi ikae wapi anafanya ubunifu, maana umbo moja linaweza kupatikana kwa pointi za mpangilio mwingi tofauti. Yaani chalii, kale kabonge kako ka y ndiyo ushahidi wenyewe.

Uingereza wana sheria yao ya 1988, muundo wa herufi unalindwa miaka 25 tangu uingie sokoni. Kulikuwa na mkataba wa Vienna wa 1973 wa kulinda herufi dunia nzima, Ufaransa na Ujerumani ndio walioridhia peke yao, haukufikisha idadi ya nchi, haujawahi kuanza kufanya kazi.

Kwetu kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, programu za kompyuta zimo, kazi za sanaa zimo, na haki inaanza pale kazi inapoundwa, siyo mpaka uende kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwanza. Sasa neno ambalo mzee kalichora ukutani kwa brashi mimi naliona kama mchoro wa mtu. Kaka usitegemee kwamba kwa kuwa ni bango la bucha basi halina mwenyewe.

mama_kadi:

Jamani na mimi niseme kidogo, mimi sijui sheria ila kadi za harusi nimechapisha Arusha tangu enzi za kukata kwa mkasi, na fonti za mwandiko ndizo ninazokula nazo.

Mwanangu wa Moshi, usiangalie e na r. Angalia herufi zinavyoshikana. Fonti za mwandiko karibu zote zimejaribiwa kwa maneno ya Kizungu, ukija kuandika ya kwetu zinakatika. Herufi nyingi zinamalizia chini kwenye mstari, lakini b, o, v, w zinamalizia juu, kwa hiyo herufi inayofuata inabidi ipokelewe juu. Kwa Kizungu kukutana b na w ni nadra. Sisi kadi inaanza na Bwana! B, halafu w, halafu a. Halafu "tunawaalika", halafu "wapendwa", halafu "mnakaribishwa", na kila w ina mkia unaning'inia hewani kama kamba ya nguo iliyokatika, au unaingia tumboni mwa a ikawa kama doa. Nimeshamlipa kijana aniunganishie kwa mkono kadi mia mbili za mtu kwa sababu mama mkwe alikataa kupokea, akasema jina la bwana harusi limevunjika. Nilimwelewa kabisa, neno lililovunjika kwenye kadi ya harusi linachukiza.

Wanaojua kazi wanahangaika na hilo. Yule Pablo Impallari wa Argentina aliyetoa Lobster 2010, ile ambayo imejaa kila mgahawa, alichora herufi za jozi jozi nyingi ili zishikane vizuri badala ya kulazimisha umbo moja likubaliane na kila jirani. Na zamani ya kuchapa kwa herufi za risasi ilikuwa ngumu zaidi, Roger Excoffon wa kiwanda cha Olive kule Marseille alitoa Mistral mwaka 1953 kutoka mwandiko wa mkono wake mwenyewe na kila herufi ni kipande peke yake cha chuma, lakini ukizipanga zinashikana kama zimeandikwa kwa mkupuo mmoja. Huo ndio uchoraji, pale kwenye kiungo.

Sasa wewe umesema w ya mzee haifanani na ya Brush Script. Hebu tuonyeshe "Bwana" kwa fonti yako. Kama inashikana, basi mzee alikuwa anajua kitu ambacho wenye Brush Script hawakuhitaji kukijua. Na hizo q na x zifute leo leo, hizo ndizo ulizoiba, wala usizunguke. Nenda kamuombe mzee akuchoree.

dizaina_sakina:

Mama kadi umenifunga mdomo kwenye hilo la q na x. Nakubali. Carter na Snell walikuwa na miaka mia mbili katikati, mwenye mwandiko yupo kaburini, huyu wa Majengo anakunywa chai asubuhi. Siyo kitu kimoja.

Ila bado nasimamia hapa, hata kama e zake zinafanana na Brush Script siyo kosa la kalamu_moshi wala la mzee, brashi bapa ukiilaza hivi mkono ule ule utatoa e karibu ile ile. Kuna maumbo ambayo kifaa ndicho kinachoamua.

kalamu_moshi:

Wakuu nimerudi. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilienda kweli, Jumamosi mchana, na nimerudi tena Jumatatu.

Nilimkuta kakaa barazani, nikamwamkia shikamoo mzee, marahaba, nikajieleza. Nilikuwa nimechapisha alfabeti yote kwenye karatasi ya A3. Akavaa miwani akaiweka magotini, hakusema kitu muda mrefu mpaka nikaanza kutokwa jasho. Halafu akaweka kidole kwenye k akasema hii yangu. Akaenda a, hii yangu. w, yangu, ila mkia umeufupisha. Alipofika x akaigonga kwa ukucha akasema hii siyo ya mtu wa hapa. Sikuwa nimemwambia chochote kuhusu x jamani.

Nikamuuliza alijifunzia wapi. Akasema ujana wake alifanya kazi kwenye ofisi moja ya matangazo, walikuwa na zile karatasi za herufi za kusugua, Letraset, unaweka juu ya karatasi unasugua kwa kijiti herufi inahamia. Mwandiko waliokuwa nao ni huo huo Brush Script, ambao nimesoma ulichorwa na Robert Smith mwaka 1942 kwa ajili ya American Type Founders. Kwa hiyo yule jamaa wa grupu hakukosea, nimemtafuta nikamwambia.

Lakini sikilizeni hii. Ile karatasi ya kusugua herufi zimepangwa kwa idadi ya matumizi ya Wazungu. e zipo nyingi, t zipo, r, s, zipo za kutosha. a zipo lakini siyo kwa Kiswahili, maana andika tu "tunawakaribisha wananchi" uone a ngapi zimeondoka. k ni chache. w ni chache, z mbili tatu. Mzee anasema tangazo la pili tu a zimekwisha, k zimekwisha, na karatasi mpya mpaka itoke Nairobi au Dar, bosi hataki kusikia. Kwa hiyo yeye akawa anazichora kwa brashi zile zilizoisha. Mwanzoni aliiga kama zilivyo, halafu akaona w inamkatikia ikifuatwa na a, akaanza kuifunga kwa kitanzi kidogo juu na kuushusha mkia mpaka kwenye mstari ndipo aanze a. Halafu k nayo akairefusha mguu kwa sababu k ikifuatwa na w, kama "kwa", mguu unamfikisha pale w inapoanza. Ofisi ilipofungwa akaenda mtaani na mwandiko ule, zile za karatasi kichwani na zile za kwake mkononi.

Sasa nimeelewa kwa nini e, r, s, t, l zilikaa sawa na a, k, w, z hazikukaa. Mimi nilikuwa naona fonti moja, kumbe ndani yake kuna karatasi ya Letraset na kuna matobo yaliyozibwa na mtu wa Majengo, na hayo matobo yaliyozibwa ndiyo yanayofanya mtu apite barabarani aseme hili bango kaandika fulani.

Mama kadi, "Bwana" inashikana. Niliijaribu usiku ule ule. Ilikuwa inashikana wakati wote na mimi nilikuwa sijui kwa nini.

chalii_ngarenaro:

Asee. Hapa nimesoma mara mbili.

Na e, r, s, unazifanyaje? Maana hizo sasa unajua zimetoka wapi.

kalamu_moshi:

Hizo nazichora upya. Nimeamua hivi, sifungui tena Brush Script hata kuangalia. Nimemuomba mzee aandike maneno kwa brashi leo, kwa mkono wake wa sasa, siyo wa miaka hiyo. Jumatatu alinichorea nyuma ya kalenda za zamani, na e yake ya leo imefunguka zaidi kuliko ya mabango, imekuwa kama mtu aliyeacha kubana pumzi. r hata haifanani tena. Nadhani miaka arobaini ya kuandika "duka la nyama" imeishazigeuza zikawa zake, ila mimi kwa kuchora juu ya picha za mabango ya zamani kabisa nilizirudisha kulikotoka.

Na amenichorea q na x. q aliniuliza kwanza inatumika wapi, nikamwambia kuna wateja wanaitwa majina kama Shafiq, akachukua kichwa cha g yake akaushusha mkia moja kwa moja akaurusha kulia. x akaichora c mbili zimepeana mgongo, ya kwanza imegeuzwa, zinagusana katikati, na ile ya pili inatoka chini kwenda kwa jirani. Hakuwahi kuzichora maishani, alisema hivyo, lakini alizichora bila kusita, na ukiziweka kando ya k utajua ni ndugu.

Kuhusu hela tumeandikiana karatasi mbele ya mwanae na jirani mmoja shahidi, nusu kwa nusu kila nakala itakayouzwa, na jina lake linakaa kwenye faili pamoja na langu. Fonti yenyewe hakutaka iitwe kwa jina lake, kasema iite Majengo.

mwanafunzi_sheria_ar:

Hiyo karatasi ipige picha uitunze sehemu mbili. Na andikeni wazi kama ruhusa ni ya fonti hii moja au hata ukitoa nene na nyembamba baadaye, maana ugomvi huwa unaanzia hapo.

kalamu_moshi:

Asante, hilo hatukuliandika, nitapita kesho tuliongeze.

mama_kadi:

Mungu akubariki mwanangu. Mimi nahitaji nakala moja, elfu thelathini yako nitaituma. Ila kabla hujaifunga nijaribie "Bwana na Bibi", "wawili", na "Ng'wanangwa", maana nina mteja Msukuma harusi yake mwezi ujao na kile kialama cha juu cha ng' kila fonti inakigonganisha na w.

kalamu_moshi:

Dah, ng' ikifuatwa na w sijaijaribu kabisa. Nimeandika sasa hivi, kinagongana. Kesho naenda na brashi.